Swali Alilolikwepa Mheshimiwa

Kaka Milton mpendwa,

Habari za Houston, na wifi Glenda anaendeleaje? Mguu wake umepona? Sisi huku Cotter Wells tu wazima. Baba bado anakunywa kahawa chungu na kubishana na redio, kwa hiyo ujue afya ipo.

Bila shaka umezisikia hizi vocha, hela za serikali atakazopewa mzazi ampeleke mtoto shule ya binafsi. Mimi mwalimu wa shule ya umma nazipinga, Baba anazitaka. Mezani tunazungumzia mpira na mvua tu. Lakini nina hofu, kaka. Wanafunzi wetu wamebaki wachache, na fedha zetu zikienda kwenye vocha shule itafungwa.

Alhamisi mbunge wetu, Mheshimiwa Tackett, alikuja kuzungumza nasi kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Akausifu uhuru wa mzazi kuchagua. Nikasimama, nikamuuliza mzazi wa hapa atachagua nini, wakati shule ya binafsi iliyo karibu ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Akatabasamu, akaniita mwalimu wetu kipenzi, akaanza kueleza habari za barabara mpya.

Mara Baba akasimama. Nilitamani ardhi inimeze.

“Mheshimiwa, mimi niko upande wako,” akasema. “Ila binti yangu amekuuliza swali. Mjibu.”

Tackett akarudia barabara yake.

“Hiyo ni lami, bwana! Shule je?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jibu hatukulipata.

Njiani Baba aliniambia kwamba kuhusu vocha bado nimepotoka, nisijidanganye. Ila mtu anayemkimbia mwalimu hafai kutusemea kwenye bunge la jimbo huko Austin.

Sasa kaka, kaa kitako. Nimejiandikisha kugombea kiti cha Tackett. Nilimwambia Baba nikiwa nimejiandaa kwa makelele. Alitafuna mkate wake, kisha akauliza, “Utaizunguka kaunti nzima na kile kigari chako kibovu?”

Tangu hapo yeye ndiye dereva wangu. Kila nyumba tunayobisha hodi, mimi nazipinga vocha, yeye ananikatiza kuzitetea, halafu anawaambia wenyeji, “Mpeni kura huyu. Ukimuuliza, anajibu.”

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu wote. Njoo kabla ya kura, unipokee ubishi wa Baba nami nipumue.

Dada yako akupendaye,
Norma Hruska