Siku Tuliyoianika Masjala

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika, Tabora yote inanukia udongo, na mimi nimechoka mpaka kucha.

Lakini nina furaha, jamani.

Alfajiri mlinzi wa chuo alinipigia simu. "Dada Salma, upepo umeezua mabati ya masjala." Sikuuliza swali la pili. Nilijitanda ushungi juu ya nguo nilizolala nazo, nikaita bodaboda.

Masjala ndiyo chumba changu pale chuoni, ninapotunza majalada ya wanachuo. Ya miaka ya karibuni yamo pia kwenye kompyuta. Ya zamani yapo kwenye karatasi tu. Karatasi ikifa, mtu aliyesoma anakuwa kama hakusoma. Nimelisema hilo kila kikao, huku watu wakiangalia saa zao.

Nilipofungua mlango nikaona mawingu.

Makabati ya chuma yalisalimika. Rafu ya matokeo ya zamani ililowa chapachapa. Nilichutama kwenye maji nikalia, mtu mzima mimi, ushungi mdomoni.

Mkuu wetu wa chuo, Mama Kabula, alinikuta hivyo. Nilijua atasema tuunde kamati. Akavua viatu.

"Salma, tuambie la kufanya."

Nikawaambia: karatasi zisiende juani, zitajikunja. Zipelekwe bwaloni, madirisha yafunguliwe, feni zote ziwashwe. Wanachuo wakaja na kamba zao na vibanio vya nguo. Wapishi wakasogeza meza. Muda si muda bwalo zima lilikuwa limeanikwa matokeo ya watu.

Mwalimu wa hisabati akakutana na ya kwake, ya enzi za uanafunzi. Wanachuo wakamzunguka kuchungulia. Nikawafukuza, matokeo ni siri ya mwenyewe. Yeye akawaita warudi waone alivyofeli muziki. Akawaimbia na wimbo wenyewe. Kweli alistahili kufeli.

Katikati ya vicheko hivyo akaingia mama mmoja, mkoba begani, akasimama mlangoni akishangaa. Jina lake Donata, anatoka Ulyankulu, na ualimu aliusomea hapa hapa kwetu. Nyumba yake iliungua na vyeti vyote. Jumatatu ana usaili kwenye shule moja Nzega, na bila uthibitisho wa matokeo asingepokelewa.

Akatazama zile kamba.

"Yangu yamo humu?"

"Yamo," nikasema. Sikuthubutu kuongeza kwamba sijui kama yamepona.

Tukatafuta, yeye upande wake, mimi wangu. Kila karatasi niliyoikuta wino umesambaa, niliiinamia kusoma jina. Halafu nikasikia ukelele kutoka kona ya jikoni, nikadhani ni kilio. Donata alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Pembe moja ya karatasi yake ilikuwa na doa la maji. Jina, alama, muhuri, vyote vilisomeka.

Vigelegele vya wapishi vingesikika mpaka Itetemia.

Mama Kabula alimwandikia uthibitisho akiwa peku. Kisha akanigeukia: wiki ijayo masjala inahamia ghorofani, na karatasi zote za zamani zitapigwa picha, nakala zitunzwe mbali na chuo. Hakukuwa na kikao. Nilitaka kumkumbatia, nikaona aibu, nikamkumbatia tu.

Nikamwambia Donata awahi basi. Uthibitisho wake ulikuwa salama mkobani, alichokifuata amekipata.

Akakunja mikono ya blauzi. "Subiri kidogo, dada. Yupo mwingine atakayekuja kama mimi."

Akachukua vibanio, akaanika za wenzake mpaka basi likamwacha.

Sasa hivi yuko jikoni kwangu. Amekataa nimsaidie. Anasonga ugali huku akiimba kwa Kirundi, lugha ya kwao, na mume wangu, ambaye hajui neno hata moja, anaitikia kiitikio.

Naenda kula. Nami nitaitikia.