Uso wa Nyuma ya Msalaba

Fundi Anselme,

Msalaba wako umesimama. Nimeona nikuambie hilo kwanza, maana ungeliuliza kabla hata ya salamu.

Uliuacha pale karakanani Blacktown ukiwa na Yesu upande wa mbele, na nyuma jiwe tupu. Ulikuwa unauchonga kwa ajili ya kaburi lako mwenyewe, nasi tukikutania kwamba una haraka ya nini. Uliiga misalaba uliyoikarabati miaka yako ya Ufaransa, kwenye makaburi ya vijijini: Yesu anawatazama wanaoingia, Maria yuko mgongoni mwake, anawatazama waliolala. Huku Sydney, ulisema, wafu wamewekewa vibao tu, hakuna wa kuwaangalia.

Halafu ukatutoka, Maria akabaki wangu. Mimi, Fundi, mchonga herufi na maua! Kila nilipokuonyesha uso wewe ulisema, "Bado." Lakini Mama Devota, mkeo, hakutaka fundi mwingine auguse. Niliogopa kumwaibisha, na kukuaibisha wewe mbele ya kanisa zima; usiku nikawa silali.

Wiki ya tatu tindo likateleza, pua ikaruka. Nilikaa kwenye vumbi nikalia. Gundi ilikuwepo kwenye rafu, na nani angejua? Upande wenyewe unaelekea kaburini, wapita njia hawauoni. Nikaishika ile chupa. Nikakusikia: "Usibandike, binti. Shuka chini." Yaani uso mzima uchongwe upya, kwa ndani zaidi, mpaka pua nyingine ipatikane kwenye jiwe lilelile. Nikashuka. Siku tisa! Mashavu yakaisha, macho yakazama, Maria akakonda akawa kama nesi aliyetoka zamu mbili. Nikajua nimeharibu.

Jumamosi Mama Devota akaja kumkagua. Alivua glavu, akapitisha kidole kwenye mashavu yale. Kisha akacheka, Fundi, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Eh, uyu mama alichoka sawa siye. Mumuache tu vile."

Nilikaa juu ya ndoo. Nilifurahi mno, nikasahau hata kumwambia asante.

Jana asubuhi tukausimamisha. Padri alipomaliza kuubariki, Mama Devota akaanza kuwavuta watu mmoja mmoja waje huku nyuma wamwone Maria. Mzee mmoja alivua kofia. Wewe ungesema ni joto tu, lakini mimi nilimwona alivyomtazama Maria.

Nakukumbuka, hasa saa ya chai, sina wa kunikosoa. Ameshatokea mama anayetaka sura kwenye jiwe la kaburi la mumewe, nami nimekubali bila kutetemeka. Nakuahidi, kila nitakayemfundisha kazi hii atajua mimi nilifundishwa na nani.

Lala, Fundi wangu. Mimi pia nimeanza kulala.

Neema