Mashine Nyeupe na Ile ya Chini ya Kitanda

Jumapili, 3 Agosti 2025

Wiki ya tatu ya kuitwa mke wa Joash! Leo amenishika mkono pale Daraja Mbili, mchana kweupe, sokoni. Nikasahau ndizi nilizoendea.

Kibanda chetu cha gemu kimefunguliwa! Joash ameleta mashine mpya kutoka Nairobi. Inaitwa Zentora. Nyeupe kama maziwa, picha safi mpaka unaona jasho shingoni. Kazi yangu ni kuipangusa vumbi na kumtazama Joash. Mashine yangu kuukuu ya gemu, PS, zawadi ya kaka Nehemiah nilipotoka kwetu Nyamira, iko kwenye katoni chini ya kitanda. Mashemeji walicheka sana: bibi harusi kaja na blanketi, sufuria na gemu!

Jambo moja tu. Baba mkwe, Mzee Ratemo, anakuja Jumapili ijayo. Amesema akikuta benchi tupu, Joash arudi kwao Nyacheki kuchuma majani chai. Mimi nitamfuata popote, hata mwezini! Lakini kibanda hiki amekiota tangu kidato cha pili.

Jumanne, 5 Agosti

Wateja wawili. Mmoja alitaka kuchaji simu.

Jumatano, 6 Agosti

Okoth, fundi wa simu wa mlango wa pili, amecheza Zentora dakika kumi, akaiweka chini pedi ya kuchezea.

"Shemeji, mashine ni kali, sikatai. Lakini nacheza na nani? Nikiua joka, nani ananipigia makofi? Joka?"

Kweli, ilikuja na pedi moja tu. Na gemu ya mpira haina, ati itatoka mwakani. Joash amecheka pamoja na wengine. Lakini chai yake hakumaliza.

Nimewaza nikimenya ndizi. Mtu haji kibandani kucheza na mashine. Anakuja kumfunga mwenzake, na watu waone! Ndiyo maana mashine yenye nguvu inabaki tupu, na ile kuukuu ingejaza benchi, kwa sababu vidole vya mji mzima vimeshaizoea.

Alhamisi, 7 Agosti

Ugomvi wetu wa kwanza! (Nimeweka alama tarehe hii.) Nilitoa katoni. Joash akasema nataka aonekane mjinga, mtu aliyenunua ng'ombe asiye na maziwa. Nikamwambia, cheza kwanza. Nikamfunga mabao manne kwa bila. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema angejua nacheza hivi angenioa mapema. Jamani! Nimeyeyuka.

Ijumaa, 8 Agosti

Kumejaa!! PS ina pedi mbili, na diski zaidi za mpira wamekuja nazo wenyewe. Apiyo wa saluni aliacha mteja kasukwa nusu kichwa ili aje amfunge Okoth. Mteja naye akamfuata, nywele upande mmoja zimesimama.

Jua likaanza kuzama — Sabato yetu inaingia. Joash akazima. Wako mawili kwa mawili!

"Dakika tatu tu, pasta!" Okoth anamlilia Joash kwa utani. Joash hapana. Wakaondoka wakibishana barabara nzima nani angeshinda.

Jumamosi, 9 Agosti

Kanisani. Tunarudi, tunasikia bado wanabishana. Joash amenibana kiwiko, tukapita kama hatujui lolote.

Jumapili, 10 Agosti

Naandikia kwenye kona ya kibanda.

Mzee Ratemo amefika saa nane. Benchi limejaa mpaka mlangoni. Nimekimbilia nyuma ya pazia: kwetu Wakisii mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawaketi pamoja. Mzee akatazama PS, akatazama Zentora.

"Na huyu mweupe?"

"Huyo ni mgeni, tata," Joash akamjibu baba yake. "Bado hana marafiki."

Mzee akauliza nani mbabe hapa. Okoth, mtu wa ziwani, mila zetu atajuaje, akavuta pazia: "Mke wa Joash, mzee! Hakuna anayemweza!"

Mzee akasogea kwenye benchi, anataka kucheza nami. Nyaya za pedi ni fupi, lazima wachezaji wakae benchi moja! Joash wangu akaja akaketi katikati kama ukuta. Mzee akachukua pedi, macho kwenye skrini tu.

"Joash, mwambie mkeo asinionee huruma."

"Nyanchama, baba anasema —"

"Mwambie nimesikia," nikamjibu Joash.

Mzee alikuwa anabonyeza kila kitu kwa pamoja. Akafunga! Kibanda kikalipuka. Nikasawazisha. Dakika ya themanini, mpira uko kwangu, kipa wake ametoka golini — stima ikapotea.

Saa nzima sasa. Gari la kumrudisha Nyacheki limepiga honi mara mbili, mzee hajageuka. Kuhusu majani chai, hajasema neno. Joash amenong'ona: stima ikirudi, utamfunga? Sijui! Ni baba mkwe!

Mzee amevua koti, ameliweka juu ya Zentora. Pedi hajaiachia.