Kiafrikana Ulichotuachia, Baba

Kwako Baba,

Sikusalimu. Najua barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yetu hujaiuliza kwa miaka minne, na yako nimeshaijua. Nitakueleza nilivyoijua.

Unakumbuka uliporudi kutoka Namibia mwaka wa 1990? Ulikuwa dereva wa wanajeshi wa kulinda amani, mimi nikiwa darasa la saba. Ulishuka na redio, blanketi zito na Kiafrikana mdomoni, na chumba chetu cha Nyalenda, hapa Kisumu, kikageuka darasa. Unashika kiti, nasema stoel. Unashika kijiko, nasema lepel. Tukienda kuteka maji ulinifunza kuamkia, Goeie môre, na kuulizana hali, Hoe gaan dit, watu kwenye foleni wakitucheka. Ile "g" ilinishinda. Ulisema nikwaruze koo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, wa mbuta, nikakohoa hadi machozi yakanitoka, nawe ukacheka ukashika ukuta.

Siku moja pale sokoni Kondele ulimuuliza mama wa samaki bei kwa Kiafrikana. Alikuangalia juu chini. "Baba Achieng, ongea vile mama yako alikufunza, ama uende na njaa." Hata wewe uliona haya kidogo. Nilikupenda sana siku hiyo, na inaniuma kuandika hivyo.

Mwaka wa 1992 ukaacha jeshi, ukasema huko Namibia kuna kazi ya kuendesha malori. Ulinishika mabega. "Achieng, wewe ndio mdomo ya hii familia. Nikikuja kuwachukua, sitaki mshuke kama bubu." Ukamgeukia Mama naye akakujibu, "Mimi nitaongea na hao watu na mikono."

Sasa sikia hili, maana halikuwa kwenye barua zetu. Ulipoondoka, Mama alianza kujifunza. Mwanamke aliyeacha shule darasa la nne, anayeuza maharagwe soko la Kibuye, alinunua daftari akaniambia nimfunze. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikaa mlangoni. Alijua mkate, maji, tafadhali. Alijua kuhesabu mpaka ishirini. Barua zako zilipokatika mwaka wa 1994 hakuacha. Aliongeza bidii, kana kwamba ni uzembe wake uliokuchelewesha.

Mwaka jana mtu mmoja alirudi kutoka huko akasema dereva Mjaluo amekufa barabarani, na kwamba ni wewe. Hakuuona mwili. Baba Mkubwa, kaka yako, aliita kikao nyumbani kijijini, Seme, na wazee wakaamua kama unavyojua huwa wanaamua. Mtu akipotelea mbali na mwili wake usipatikane, lazima azikwe kwa tunda la yago, lile refu kama mkono, linalazwa kwenye sanduku badala yake. Siku ilipangwa. Mama alipewa koti lako la zamani, la kuvaa kama mjane. Hata mwanamume wa kumrithi Mama alishachaguliwa: binamu yako yule mlevi. Mama hakuulizwa.

Mimi nilitaka kujua mwili wako uko wapi. Kwenye barua yako ya mwisho uliandika namba ya simu, ukasema ni ya jirani, tusiipige isipokuwa kwa dharura. Niliona kifo ni dharura. Wiki moja kabla ya mazishi, Jumamosi mchana, nilienda posta kuipiga. Njiani nilitafuta neno la kusema "amekufa" nikalikosa, kwa sababu maneno uliyonifunza yote yalikuwa ya watu wanaoishi.

Mtoto ndiye aliyepokea. Nikasema, Kan ek met Owuor praat, asseblief, naomba kuongea na Owuor. Akaniuliza kwa adabu kabisa: Wie praat? Nani anaongea? Nikasema Achieng, wa Kisumu. Akaita kwa nguvu, Pa! Achieng van Kisumu! Baba, Achieng wa Kisumu! Halafu nikasikia sauti yako, Baba. Haikuwa ya mgonjwa wala ya mfungwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejinyoosha kwenye kiti chake. Sê ek is nie hier nie. Mwambie sipo.

Na mtoto, kwa kuwa ni mtoto, akarudi akaniambia: "Baba anasema hayupo."

Ulidhani nimesahau? Ama hukujali kama nitaelewa? Nimejiuliza mpaka kichwa kimeuma. Ulinifunza lugha ile kwa mikono yako, kisha ukanikana kwa lugha hiyo hiyo, bila hata kupunguza sauti!

Sikumwambia mtu. Wiki nzima nilinyamaza kwa sababu nilitaka wakuzike. Nilijua kuzika aliye hai ni mwiko, nilijua balaa lake huwaangukia watoto, na mtoto ni mimi. Sikujali. Nilipika, nikateka maji, nikaangalia shimo likichimbwa, na moyoni nikasema, mzikeni, tena lichimbeni refu.

Asubuhi ya mazishi walimwita Mama aage. Koti lako lilimfika magotini. Aliinama juu ya sanduku, akaangalia lile tunda, halafu akasema sentensi moja ya Kiafrikana, polepole, bila kosa. Aliniomba nimtafutie sentensi hiyo zamani, aitumie siku utakapotupokea kule. Ek is bly om jou te sien. Nimefurahi kukuona.

Nikapiga kelele. "Mama, wacha! Yuko hai! Nimemsikia na hii masikio yangu!"

Nilieleza yote mbele ya watu, nikilia. Baba Mkubwa alifikiri kidogo tu. "Kama amesema mwenyewe hayuko, basi hayuko. Tuzike." Wengine walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa rahisi hivyo, Baba. Ulikuwa umewapa ruhusa.

Mama akavua koti. Akalikunja vizuri, akamwekea Baba Mkubwa mikononi.

"Mimi si mjane," akasema. "Mimi nimeachwa. Hiyo ni kitu ingine. Mtu wa kunirithi aende akamzike kwanza huyo mwenye anakunywa chai Namibia."

Shimo lililochimbwa haliachwi tupu, kwa hivyo wakazika kigogo cha mgomba, na sisi wawili tukarudi Kisumu jioni ile. Mama anauza maharagwe. Hajalia mbele yangu. Daftari alilitia jikoni akachemshia maji ya kuoga, akaniita nioge kwanza.

Hatutaki pesa yako, na huyo mtoto sina ubaya naye, mlee. Lakini usijidanganye kwamba kule Seme umesahauliwa kama marehemu. Mimi ndiye niliyekutoa kaburini, na sikukutoa kwa mapenzi. Nilikutoa kwa sababu maiti haiulizwi kitu, na Mama ana swali.

Kaa hai, Baba. Kula vizuri, endesha pole pole, jifunike baridi. Kaa hai mpaka usimame mbele yake, umwambie kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa lugha yoyote unayotaka, kwamba hupo.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Achieng