Harufu Iliyoirudisha Ndege ya Suhaib

Hayes, London
9 Februari 2025

Mpendwa kaka Vuai,

Shikamoo. Amani ya Mungu iwe kwako na kwa wote walio nyumbani kwako. Goti lako linaendeleaje? Naomba liwe limepoa, unakwenda msikitini bila ya mkongojo. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu imegoma kuondoka.

Nimepata habari kuwa huko Wete watu wanasema ndege ya mwanangu Suhaib iliwaka moto. Haikuwaka, kaka. Simuni husikii vyema, na wanaokusimulia hutia chumvi, ndiyo maana nimeamua kukuandikia mwenyewe.

Walikuwa wanakwenda Lisbon, yeye na rubani mkuu wake, Agathe, mama wa Kikongo aliyekulia Ubelgiji. Ndege ikiwa bado inapanda, Suhaib akasikia harufu kama ya soksi zilizovunda. Ikaja, ikapotea. Agathe aliona si kitu. Lakini punde kichwa kikaanza kumgonga mwanangu, vidole vikamfa ganzi. Wamefunzwa kwamba hewa ya ndani hupitia kwenye injini, na mafuta yakivuja huweza kuingia nayo. Tena pua huzoea upesi, basi harufu kupotea si dalili kwamba hatari imekwisha.

Akasema, "Kepteni, tuvae barakoa."

Agathe hakubisha. Wakavaa za oksijeni, wakaomba kurudi London. Huko nyuma kwa abiria, mhudumu mmoja, binti aitwaye Poonam, alikuwa ameshaanguka.

Walitua salama. Abiria walipokuwa wakishuka, bwana mmoja wa Kihindi alimshika Suhaib mkono pale mlangoni. "Maiti ya baba yangu inachomwa leo huko Lisbon, na mtoto wa kiume wa kuwasha moto ni mimi peke yangu. Umenirudisha kwa sababu ya harufu?" Mwanangu akamwomba radhi.

Kisha mafundi wakaikagua ndege, wasione kitu. Baadhi ya wenzake wakaanza kumwita "Pua". Kaka, mtoto alikonda! Akirudi kutoka kupimwa na daktari hujifungia chumbani, chakula hakigusi. Unamjua, mimi humsemesha Kiswahili naye hujibu Kiingereza. Lakini siku moja alinijia jikoni akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, na kama nilikosea?"

Wiki iliyofuata Agathe akabisha hodi. Chai niliyompa hata hakuionja.

"Mama," akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo, "mbele tuvae ile barakoa, watu wa mnara wanaotuongoza toka chini walinipa namba za kufuata. Nilizisikia muzuri. Nikataka kuzirudilia, hazikutoka mu kinywa. Na mimi niliona kila kitu ni sawa tu. Kama mtoto yako angenyamaza, ningeendelea na safari."

Suhaib alikuwa amesimama mlangoni. "Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Nilikuwa na haya," akajibu.

Mwanangu alilia mbele ya mkubwa wake, na Agathe naye machozi yakamtoka. Alikuwa ameshawaeleza wakuu wao vilevile. Injini ikafunguliwa tena, na safari hii uvujaji ukaonekana. Poonam ametoka hospitali, ingawa bado kichwa kinamsumbua.

Lakini usidhani yamekwisha. Juzi Suhaib aliniambia, "Nilifanya sawa, Mama, na yule bwana hakumuaga baba yake. Yote mawili ni kweli." Sikujaribu kumliwaza. Tulimwombea dua yule bwana na marehemu wake.

Jumatatu amerejea kazini. Nilimpigia pasi shati, nikamsindikiza mpaka kituo cha basi, jambo ambalo hajaniruhusu tangu utotoni. Basi lilipoondoka nilibaki nimesimama pale, majirani wakinisalimu nami siwasikii.

Nakuomba kitu kimoja, kaka. Atakapokupigia, usimwite shujaa, wala usimuulize habari za moto. Wote wanamuuliza. Wewe muulize tu kama amekula.

Nisalimie wifi na binti yenu Sundus, na ami Soud umpe mkono wangu. Mola akutunze, akukinge na kila baya linaloonekana na lisiloonekana.

Mdogo wako akupendaye daima,
Time