Kichupa cha Bi Maji

Chumba cha Sampuli,
Kituo cha Vipimo,
S.L.P. 318.

Tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka Mizani,

Pokea salamu zangu kabla ya yote, kwa kuwa salamu haina kosa. U hali gani? Wifi hajambo, na kifua chake kimetulia baada ya ile baridi uliyotusimulia? Wale mapacha wameota meno ya mbele? Sisi huku tu wazima, kwa kiasi ambacho neno hilo linaruhusu. Mama, ambaye kwako ni mama mdogo, anasumbuliwa na viungo vya mikono, lakini anakusalimu na anauliza, kama kila mara, iwapo huko unashiba.

Mvua zimeanza. Paa la jiko linavuja palepale ulipoliziba wakati ule ulipokuwa ukisoma na kuishi kwetu. Mama amekataa lizibwe upya. Anasema kiraka hicho ndicho kitu pekee ulichowahi kumfanyia kwa mikono. Mengine yote umeyafanya kwa kalamu.

Sasa niingie katika jambo lililonikalisha kitako. Naomba ulisome peke yako, na ulisome hadi mwisho.

Mwezi uliopita mkurugenzi mpya wa ofisi yenu kuu ya takwimu aliamua kwamba vituo vya nchi zote kumi na nne vipewe jalada kamili la utafiti wetu: si majedwali uliyokwisha kuyasafisha wewe, tunayoletewa baada ya kila awamu, bali kila kipimo cha kemikali katika damu ya kila mshiriki tangu tulipoanza miaka kumi na mitano iliyopita, pamoja na maelezo ya pembeni. Jalada letu lilifika Jumanne, wiki mbili zilizopita. Nikaanza kulisoma kama ninavyosoma kila kitu, yaani kuanzia mstari wa kwanza. Katika mstari wa mia mbili na saba nilikutana na nambari ya Mama.

Najua sikupaswa kuijua. Lakini mimi ndiye niandikaye lebo, na mtu hawezi kuandika nambari ya mama yake mara tatu kisha aisahau. Katika awamu ya kwanza, madini ya risasi katika damu yake yalikuwa mara tatu ya kiwango cha hatari. Katika awamu ya pili, mara nne. Katika ya tatu, miaka mitano iliyopita, mara nne na ushei. Kando ya kila kipimo yameandikwa maneno yaleyale: "Sampuli imechafuliwa kituoni. Iondolewe." Chini yake, herufi mbili za jina lako.

Nambari nyingine kumi zimeondolewa kwa maneno hayohayo. Nilizilinganisha na daftari la anwani. Zote ni nyumba za mtaa wetu, na katika kila nyumba wanapikia sufuria za Baba Mkubwa, zile ambazo baba yako huziunda mwenyewe karakanani kwa kuyeyusha vyuma chakavu: rejeta, vipande vya injini, mabaki ya betri zenye risasi. Kwa Mama ziko tano. Alimzawadia tulipohamia nyumba hii, na wewe ndiye uliyezibeba kichwani.

Nilikutafutia udhuru, Kaka, na nilikutafutia kwa bidii. Huenda ulikosea. Huenda kweli ulidhani mikono yetu ndiyo michafu. Udhuru huo ungesimama, kama si Bi Maji.

Labda umemsahau. Tangu siku ya kwanza, kila tulipotoa damu katika nyumba, nilifungua kichupa kimoja cha ziada, nikakijaza maji safi hapohapo, kwa glavu zilezile, juu ya meza ileile, kisha nikakipa nambari kama cha mtu. Uchafu ukiwa mikononi mwetu, maji nayo yatachafuka. Hapa kituoni tulimwita Bi Maji, mshiriki pekee asiyelalamikia sindano. Maabara haikujua nambari zake ni zipi. Wewe ulijua, kwa kuwa orodha nilikutumia mwenyewe. Sasa nimezitazama zote. Katika nyumba zote kumi na moja, katika awamu zote tatu, Bi Maji ni msafi.

Kwa hiyo sampuli hazikuchafuliwa. Kwa hiyo ulijua.

Wakumbuka ulivyoniandikia baada ya awamu ya pili? "Dada, uchafu unatoka mezani kwenu, jitahidini." Nikajitahidi. Niliosha meza kwa tindikali. Nilikata kucha hadi zikatoa damu. Nilivua pete ya ndoa, na hadi leo sijaivaa kazini. Hayo ni yangu, nayasamehe. Lakini nilimshuku pia mpimaji mwenzangu, yule tunayemwita Fundi Glavu, nikaandika ripoti, akahamishiwa stoo. Juzi nilikwenda kumwomba radhi. Akacheka, akasema, "Bi Mkubwa, mimi nilinawa mpaka ngozi ikaniomba talaka." Kisha akageuka kupanga maboksi, asinitazame tena.

Zaidi ya hayo, kuna fomu. Katika kila nyumba niliisoma kwa sauti: "Ukikutwa na kiwango cha hatari, utajulishwa ndani ya siku tisini." Mama aliisikia kutoka kinywani mwangu, akaweka dole gumba. Umenifanya mwongo bila hata kunishirikisha.

Kitindamimba wetu bado anaishi na Mama, na mwanawe ametimiza miaka mitatu. Tunamwita Babu, kwa jinsi anavyotembea ameweka mikono mgongoni. Ana maneno sita. Nimeyahesabu. Tulidhani ni mpole. Wiki iliyopita nilimpima: mara tano ya kiwango. Daktari anasema risasi katika damu itashuka sufuria zikiondoka, lakini kile ambacho ubongo umekwisha kukikosa hawezi kuahidi kukirudisha. Kama Mama angejulishwa hata katika awamu ya tatu, Babu angezaliwa katika nyumba yenye sufuria nyingine. Hesabu hiyo haihitaji ofisi kuu.

Nilipomweleza Mama, alicheka kwanza. "Kumbe miaka yote nilikuwa nawapikia sufuria, chakula nasingizia!" Halafu akasema, "Na yeye alikula humo miaka minne. Mwambie apimwe." Hilo ndilo neno lake pekee juu yako, nami nalifikisha kama lilivyo.

Alhamisi nilikwenda karakanani. Baba Mkubwa alinijia juu: "Moto unakula kila uchafu, binti! Leo wewe unanifundisha moto?" Nikampa karatasi ya Babu. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Kisha akachukua ndoo mbili za maji akazima tanuri, akaniuliza tuanze kukusanya sufuria nyumba ya nani. Nadhani ulikuwa ukimlinda mzee asinyang'anywe kazi yake. Kuiacha kulimchukua robo saa.

Hatukumpa nafasi hiyo kwa miaka kumi na mitano. Nasema hatukumpa, kwa adabu tu.

Hili ndilo ninaloomba. Kabla ya mwisho wa mwezi huu, awamu ya nne ikiwa haijaanza, rudisha vipimo vyote vya nyumba kumi na moja mahali pake na uziandikie nyumba hizo barua, kila moja yake, kwa jina lako. Usipofanya hivyo, nambari za Bi Maji nitampelekea mkurugenzi mimi mwenyewe. Sikutishi. Nakujulisha, kama fomu inavyoagiza.

Ndani ya kifurushi hiki nimekuwekea vichupa viwili. Kimoja ni cha damu yako, kama Mama alivyotaka. Kingine ukijaze maji safi, saa ileile, kwa mikono ileile, ili asitokee mtu wa kusema ilikuwa michafu.

Nisalimie Wifi na mapacha. Wao hawana walilokosa. Mama anakusalimu. Kitindamimba hajatuma salamu, nami sikumwomba. Babu ameniangalia nikiandika, akasema neno lake la saba, "karatasi".

Baba Mkubwa hakutuma salamu pia. Wakati tukifunga karakana aliniuliza, "Mizani alijua?" Nilimwambia jibu hilo si langu kulitoa. Tangu siku hiyo kila asubuhi huketi kando ya tanuri baridi, simu ikiwa gotini.

Mungu akupe afya, na akishakupa, akupe na ulimi.

Dada yako, akupendaye bado, na ambaye hatakuficha kitu,

Mwandika Lebo