Papa Profesa, Wamekupa Tatu

Papa Profesa,

Wamekupima. Hata mwaka haujapita tangu tukuzike, na kitivo kimeunda tume ya kuamua kama ukumbi mpya unastahili jina lako. Ningekuficha habari hii, ila wewe hukupenda kufichwa habari yoyote.

Wajumbe walikaa mbele ya kompyuta moja, wakaandika jina lako, wakasubiri. Jibu likatoka: umenukuliwa mara tatu. Ulioandika nao makala: hakuna. Mkuu wa kitivo, yule yule uliyemfundisha kushika kinasa sauti maana alikuwa akikishika kichwa chini, akavua miwani na kusema kwa huruma ya uongo, "Muzee alikuwa mutu muzuri, lakini kwa science hakuacha kitu."

Yeye ananukuliwa sana, usicheke. Anamnukuu rafiki yake wa Bukavu, rafiki anamnukuu yeye, na makala inayofuata wanaiandika wawili, wakijinukuu wote. Huo ndio wanaouita ushirikiano. Nimeisoma kazi yenyewe, Papa. Haina hata mtu mmoja aliyeulizwa swali.

Mimi, mwanafunzi wako wa zamani, nilikuwa nimeruhusiwa kukaa nyuma nisikilize; nilisimama. Nikawaeleza habari za kijiji cha Munigi, siku zile mlima wa volkano ulipotoa moshi na uvumi ukawa unakimbia kuliko pikipiki. Wewe ulikaa bombani na akina mama wanaoteka maji, ukiuliza swali lako lile lile, "Nani alikuambia? Na yeye, nani alimuambia?" mpaka ukamfikia mtu wa kwanza. Ukagundua kwamba watu wa kule hawaamini tangazo lisilo na mwenyewe, ukaifundisha redio ianze na jina la msemaji na mtaa anaokaa. Mpaka leo inaanza hivyo, nimesikia asubuhi hii. Nikasema akina mama wale ndio washirika wako wa utafiti. Mjumbe mmoja akauliza, "Hao bamama wako na diplôme gani?" Wakacheka, watu wazima na tai zao.

Nikataja Wazungu uliowazungusha Masisi na Rutshuru, ukawatafsiria, ukawapa madaftari yako. Wote wamekushukuru kwenye vitabu vyao, ingawa mmoja amekuita dereva. Mkuu akanikata, "Merci haihesabiwe." Ukumbi ukapewa jina la mtu aliyetoa viti.

Nilirudi nyumbani Mabanga nikitukana njia nzima. Nikakusanya mémoire, zile tasnifu za shahada za wanafunzi wako, zote nilizoweza kupata, nitafute jina lako niwatupie usoni. Halimo. Nikafungua yangu. Halimo.

Ndipo nikakumbuka, na hasira ikakugeukia wewe. Mimi nilikunukuu, Papa, karibu kila ukurasa. Uliponirudishia, ulikuwa umepiga mstari juu ya jina lako kila mahali, kwa mkono wako mwenyewe. "Toa mimi, mutoto yangu. Weka muzungu, juri itakuacha upite." Nikatoa. Wote tulitoa. Nikaweka bwana mmoja wa Ubelgiji ambaye hajawahi kukanyaga Munigi, nikapita mbele ya watahini kwa alama nzuri, na wewe ukatununulia soda huku ukicheka kuliko sisi.

Kwa nini ulifanya hivyo? Nisamehe, lakini kwa hilo nakudharau kidogo. Mwenyewe najidharau zaidi, kwa sababu sikukubishia hata neno moja; niliona raha tu kupita. Wale wajinga walihesabu sawasawa. Tatu ndiyo tuliyokuachia sisi, watoto wako.

Nakukosa sana. Juzi kulikuwa na uvumi mtaani kwamba maji ya ziwa yamebadilika, nikashika simu nikuite, nikakumbuka.

Sasa tasnifu yangu ya udaktari imekwisha. Jina lako limo tangu ukurasa wa kwanza, pamoja na majina ya akina mama wa bombani waliokubali kutajwa. Mwenyekiti wa juri ni nani? Ni yeye, mkuu wa kitivo. Wiki iliyopita aliniita ofisini, hata kiti hakunipa. "Furaha, upunguze ule muzee. Ukimuacha hivi, siku ya défense nitakuangusha." Nami najua anaweza kunifelisha siku hiyo ya kuitetea tasnifu. Miaka sita ya kazi yangu iko mkononi mwa mtu asiyejua kuuliza swali.

Kwaheri, Papa. Nakuahidi kwamba sitapunguza hata mstari mmoja, na safari hii hutakuwepo kunizuia. Nimekwenda kwako, nimemualika Mama, mke wako, aje siku hiyo ya défense. Nimemuomba avae kikwembe, kitenge chake kizuri, aje mapema, akae mstari wa mbele, katikati. Mwenye kutaka kukufuta asimame akufute kwa sauti, Mama akimtazama.

Furaha wako,
Mabanga, Goma